Maandalizi ya Mtoto Mdogo Anayelazwa Hospitalini: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Ngara na Biharamulo

Na Mwandishi Wetu, Ngara

Katika nyumba nyingi, neno la kwanza ambalo mtoto hulisikia kuhusu hospitali ni kitisho. Akikataa uji anaambiwa ataitiwa daktari. Akilia usiku anaambiwa nesi yuko njiani na sindano kubwa. Maneno hayo husemwa kwa wepesi, pengine kwa kicheko, na anayeyasema huyasahau papo hapo. Mtoto hayasahau. Siku atakapopandwa na homa kali na kubebwa usiku kwenda hospitali, atafika akiamini kwamba ameletwa mahali pa adhabu, na kwamba aliyemleta ni mama yake mwenyewe.

Makala haya yanaeleza namna mzazi au mlezi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, anavyoweza kumwandaa mtoto wa umri mdogo kwa kulazwa. Vitabu vingi vya malezi vilivyoandikwa nje ya nchi humfikiria mtoto ambaye tarehe ya upasuaji wake imepangwa majuma kadhaa mbele, hivyo familia inapata muda wa kuzungumza naye taratibu. Wapo watoto wa namna hiyo hata kwetu, lakini si wengi. Mtoto wa Murusagamba au Nyakahura hulazwa kwa malaria kali, nimonia, kuhara, degedege, kuungua au kuvunjika mkono baada ya kuanguka mtini. Hakuna barua inayotangulia. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika wakati mtoto ni mzima, na ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi.

Wilayani Ngara huduma za kulaza wagonjwa hupatikana katika Hospitali ya Wilaya iliyopo Nyamiaga, Hospitali ya Murugwanza ya Kanisa Anglikana, na Hospitali ya Rulenge ya Kanisa Katoliki. Biharamulo ipo Hospitali Teule ya Wilaya. Vituo vya afya navyo hulaza baadhi ya wagonjwa. Mtoto anayehitaji huduma za juu zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, au Bugando jijini Mwanza. Ni vyema mzazi ayajue majina haya mapema, kwa kuwa maelezo ya rufaa mara nyingi hutolewa kwa haraka na katika wakati ambao akili ya mzazi haijatulia.

Hofu ya mtoto ni suala la tiba

Baadhi ya wananchi huona kwamba kuzungumzia hofu ya mtoto aliye mgonjwa ni anasa, na kwamba jambo la msingi ni dawa. Dawa ndiyo jambo la msingi, na ndiyo maana hofu haipaswi kupuuzwa. Mtoto mwenye nimonia anayelia kwa nguvu hutumia hewa ambayo mapafu yake hayana uwezo wa kuileta. Mtoto anayetupa mikono wakati wa kutafutiwa mshipa huishia kuchomwa mara tatu mahali ambapo mara moja ingetosha. Mtoto mkubwa kidogo anayeogopa sindano huficha maumivu ya tumbo hadi yanapokuwa makali, na siku zilizopotea hazirudi.

Lipo pia jambo ambalo wauguzi wa wodi za watoto wanalifahamu vizuri. Mtoto mwenye malaria kali hupewa sindano ya artesuneti mara anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24, na kuendelea kila siku hadi atakapoweza kumeza dawa. Ndipo anapomalizia kwa dozi kamili ya dawa mseto. Mara nyingi homa hushuka kabla ya ratiba hiyo kukamilika. Mtoto anaanza kucheka, anaomba uji, na kila anapomwona muuguzi anapiga kelele za kuvunja moyo. Mzazi mwenye huruma, ambaye ameacha shamba na watoto wengine nyumbani, hujiambia kwamba mtoto amepona na kuondoka wodini bila kuruhusiwa. Vimelea vilivyobaki katika damu havina huruma hiyo. Mtoto aliyeandaliwa, na mzazi anayejua kwa nini sindano ya tatu inahitajika, hubaki hadi mwisho.

Elimu kuhusu athari za kulazwa kwa watoto ina historia yake. Hadi katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto kwa muda mfupi tu, kwa hoja kwamba mtoto hulia mama anapoondoka na hutulia asipomwona kabisa. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa London kwa siku nane kwa ajili ya upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu, bila mama yake kukaa naye. Robertson, aliyefanya kazi na daktari John Bowlby, alieleza hatua tatu anazopitia mtoto mdogo aliyetenganishwa na mzazi: kwanza hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga na kuonekana kama asiyejali. Utulivu uliowafurahisha wauguzi ulikuwa mara nyingi ile hatua ya pili au ya tatu. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza kwa Serikali ya nchi hiyo kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na kwamba mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulala nao hospitalini.

Kwetu mama kulala na mtoto wodini ni jambo la kawaida, na halikuhitaji kamati. Hata hivyo somo la Robertson linabaki na maana. Mtoto aliyenyamaza kitandani, asiyetazama mtu, asiyekubali kuchukuliwa hata na bibi yake, si lazima awe ametulia. Muuguzi ajulishwe, kwanza kwa sababu ukimya wa namna hiyo unaweza kuwa dalili ya ugonjwa kuzidi, na pili kwa sababu mtoto huyo anahitaji mtu wake karibu zaidi kuliko yule anayelia.

Maandalizi wakati mtoto ni mzima

Hatua ya kwanza haina gharama: kuacha kutumia daktari, muuguzi na sindano kama fimbo. Hilo linawahusu pia shangazi, mjomba, dada wa kazi na majirani, maana mara nyingi kitisho hutoka kwao na si kwa mzazi.

Hatua ya pili ni kuitumia vizuri siku ya kliniki. Mtoto hupelekwa kupimwa uzito na kupata chanjo mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili, na hizo ndizo safari zake za kwanza katika mazingira ya tiba. Mtoto anayeanza kuzungumza afundishwe kumwamkia muuguzi. Shikamoo inayojibiwa kwa marahaba na tabasamu humwonyesha mtoto kwamba mwenye nguo nyeupe ni mtu kama shangazi yake, na hilo hutokea kabla sindano haijaonekana. Ni jambo dogo, lakini mwandishi wa makala haya amewahi kuona foleni nzima ya watoto ikitulia kwa sababu ya muuguzi mmoja aliyejibu kila shikamoo kwa jina la mtoto.

Hatua ya tatu ni mchezo. Watoto hujifunza kwa kuigiza, na mwanasesere wa majani makavu ya mgomba anaweza kuugua, kupimwa homa kwa kijiti, kuwekewa dripu ya uzi na kupona. Mzazi akikaa dakika chache na kucheza nafasi ya mgonjwa, mtoto hupata kuwa daktari, yaani hupata upande wa mwenye mamlaka juu ya kitu anachokiogopa. Tahadhari moja ni muhimu: bomba la sindano lililotumika, hata lisilo na ncha, lisiwe kifaa cha mchezo, na mtoto akikuta sindano imetupwa njiani au jalalani afundishwe kuita mtu mzima bila kuigusa.

Lugha ni sehemu ya nne, na katika wilaya hizi ina uzito wake. Mtoto ambaye hajaanza shule huenda anazungumza Kihangaza au Kishubi peke yake, au Kizinza au Kisukuma kwa upande wa Biharamulo, ilhali muuguzi anayempokea anaweza kuwa ametoka Mbeya au Tanga. Mtoto anayeumwa, kisha akazungumziwa kwa maneno asiyoyaelewa, huogopa mara mbili. Mzazi anaweza kumfundisha mapema maneno machache ya Kiswahili: maji, mkojo, inauma, nataka mama. Na afanye pia kinyume chake, amweleze muuguzi neno ambalo mtoto hutumia nyumbani anapobanwa na haja au anapohisi maumivu. Wodini maneno hayo mawili huokoa mashuka mengi na machozi mengi.

Mtoto aambiwe nini, na lini

Mtoto ambaye tarehe yake ya kulazwa inajulikana, kwa mfano anayesubiri upasuaji wa ngiri au kurekebishwa mdomo wa sungura, aambiwe kwa kipimo cha umri wake. Aliye chini ya miaka mitatu aambiwe siku moja au mbili kabla, kwa kuwa juma zima kwake ni muda usio na mwisho. Wa miaka mitatu hadi mitano aambiwe siku tatu hadi nne kabla. Aliyefikisha umri wa shule anaweza kuelezwa juma moja au zaidi mapema, na apewe nafasi ya kuuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inatambua haki ya mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Haki hiyo haimpi mtoto mamlaka ya kukataa tiba anayoihitaji, bali inampa mtu mzima wajibu wa kumweleza na kumsikiliza.

Kosa linalotokea zaidi ni kumdanganya. Mtoto anaambiwa wanakwenda mnadani au kwa bibi, kisha anajikuta chumba cha sindano. Mzazi hupata utulivu wa safari moja na kupoteza imani ya mtoto kwa safari zote zinazofuata. Kosa la pili ni kusema "haiumi". Sindano inauma, na mtoto atagundua ndani ya sekunde moja. Kauli ya kweli inaweza kuwa hivi: "Itauma kidogo kama unavyoumwa na siafu, halafu itaisha. Kulia unaruhusiwa. Mkono tu usiutikise, na mimi nitakuwa nimekushika." Katika kauli hiyo mtoto anapata mambo manne: ukweli, mwisho wa maumivu, ruhusa ya kulia na kazi ya kufanya.

Watoto wa miaka mitatu hadi mitano wana fikra ambayo wazazi wengi hawaijui. Huamini kwamba ugonjwa umeletwa na kosa lao: walikula udongo, walimpiga mdogo wao, walikataa kuoga. Hawasemi, ila wanaamini. Aambiwe waziwazi kwamba homa haikuja kwa sababu ya utundu wake na kwamba hospitali haiadhibu mtu. Aambiwe pia kwamba atarudi nyumbani. Mtu mzima huona jambo hilo halihitaji kusemwa, lakini mtoto aliyewahi kumwona babu akipelekwa hospitali na kutorudi analihitaji sana.

Kwa mtoto mchanga maneno hayana kazi, ila mwili wa mama una kazi. Sauti, harufu na joto la mama ndivyo vinavyomwandaa. Kunyonyesha wakati wa kuchomwa sindano au mara baada yake hupunguza maumivu ya mtoto mchanga, na mama anaweza kumwomba muuguzi amruhusu kufanya hivyo pale hali ya mtoto inaporuhusu. Kwa mtoto mkubwa kidogo, kupakatwa kifua kwa kifua huku mkono mmoja ukiwa umeachwa kwa muuguzi ni bora kuliko kulazwa chali na kushikiliwa na watu wanne.

Ni vyema mtoto akajua mapema vitu atakavyovikuta. Dripu ni maji na dawa zinazoingia mwilini kupitia mrija. Kijimrija laini kinachobaki mkononi, ambacho wauguzi hukiita kanula, huwekwa ili asichomwe upya kila mara. Mrija wa oksijeni hukaa puani na kuleta hewa. Unawasha kidogo, hauumi. Mtoto anayeongezewa damu anaweza kushtuka kuona chupa nyekundu na kudhani ni damu yake inayotolewa, kwa hiyo aelezwe kwamba damu inaingia, na kwamba mtu mwenye moyo mwema ameitoa kwa ajili yake.

Safari isiyo na tarehe

Ikiwa mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, hakuna muda wa maandalizi. Mtoto afikishwe kwenye kituo cha huduma mara moja, hata usiku. Maelezo hutolewa njiani, mgongoni mwa mama juu ya pikipiki, kwa sentensi fupi zinazorudiwa: tunakwenda kwa daktari, mama yupo, hatutaachana. Mtoto aliyelegea anaweza kuwa anasikia hata kama hajibu. Aliyepata degedege asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe.

Mkoa wa Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha malaria nchini, na kila familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano inaweza kuwa na mfuko uliokwisha kuandaliwa ukutani. Ndani yake iwemo kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima kwa wenye bima, vitenge viwili, blanketi, sweta, kandambili, sabuni, kikombe na kijiko cha mtoto, na akiba kidogo ya fedha. Vilima vya Ngara ni baridi usiku, na wengi hukumbuka sweta wakiwa wamekwisha kufika wodini. Kiongezwe kitu kimoja cha mtoto mwenyewe, hata kama ni kipande cha kitenge anacholalia. Thamani yake haionekani hadi usiku wa kwanza.

Mzazi akumbuke pia dawa zote alizokwisha kumpa mtoto, zikiwemo za duka la dawa na za miti shamba, na azitaje bila woga. Muuguzi anauliza ili asimpe mtoto kitu kitakachomdhuru. Haulizi ili kumkemea.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wapate huduma bila malipo katika vituo vya umma. Mzazi anayepata utata katika malipo, au ambaye hana uwezo na mtoto wake amezidi umri huo, aulizie ofisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo hospitalini. Asiondoke na mgonjwa kabla ya kuonana na afisa huyo.

Siku ya upasuaji

Mtoto anayefanyiwa upasuaji kwa usingizi wa dawa, ambao wengi huuita nusu kaputi, hutakiwa kukaa na tumbo tupu. Kwa kawaida muda ni saa sita bila chakula, saa nne bila maziwa ya mama na saa mbili bila maji, lakini muda utakaotajwa na mtaalamu wa usingizi ndio wa kufuatwa. Sababu ni moja: chakula kilichopo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu wakati mtoto hana uwezo wa kukohoa. Hapa bibi mwenye huruma ni hatari kuliko mtu yeyote. Andazi moja linalopitishwa kwa siri asubuhi linaweza kuahirisha upasuaji, na lisipotajwa linaweza kugharimu uhai. Ndugu wote wanaokuja kumwona mgonjwa waambiwe, na ikibidi chakula chao kikae nje ya wodi.

Mtoto aelezwe kwamba usingizi wa dawa si kama ule wa nyumbani: daktari anauleta na daktari anauondoa, hatahisi kitu, na akiamka atakuwa na kidonda kilichofunikwa. Yasitumike maneno yanayofanana na kifo. Asiambiwe kwamba mama atakuwepo chumba cha upasuaji ikiwa utaratibu hauruhusu. Aambiwe mlango ambao mama atasubiri, na mama awe hapo kweli.

Fomu ya idhini husainiwa na mzazi au mlezi. Watoto wengi hulelewa na bibi wakati wazazi wako mbali kikazi, na upasuaji wa kupangwa unaweza kukwama kwa sababu aliyemleta mtoto hajui kama anaruhusiwa kusaini. Suala hilo litatuliwe kwa simu kabla ya siku ya kulazwa, si asubuhi ya upasuaji.

Pale mtoto anapolazimika kutengwa

Wakazi wa Kagera wamepita mara mbili katika kipindi ambacho ushauri wa kukaa karibu na mgonjwa hauwezi kufuatwa kama kawaida. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulithibitishwa katika Wilaya ya Bukoba. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko mwingine, safari hii Biharamulo, na tarehe 13 Machi 2025 Wizara ya Afya ikatangaza kumalizika kwake. Ugonjwa huu huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au aliyefariki, na aliyekaribiana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21.

Kwa mtoto mdogo, kutengwa ni mambo mawili kwa pamoja: mama hayupo, na wanaomkaribia hawana uso, kwa sababu wamevaa mavazi ya kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Amri ya kutenga haina mjadala, na mzazi anayemficha mtoto mwenye dalili huhatarisha nyumba nzima. Lakini ndani ya amri hiyo bado yapo ya kufanyika. Mtoto aonyeshwe mtoa huduma akiwa hajavaa, kwa umbali salama, na aambiwe jina lake. Kisha akimwona amevaa atambue sauti. Sauti ya mama ipitie simu, au mama aonekane ng'ambo ya uzio pale utaratibu unaporuhusu. Aambiwe mara nyingi kwamba nguo zile ni za kuwakinga watu dhidi ya mdudu wa ugonjwa, na kwamba hakuna anayemchukia. Kitu chake atakachoingia nacho huenda kisirudi nyumbani, hivyo asipewe kile cha pekee anachokipenda kuliko vyote.

Rufaa na waliobaki nyumbani

Rufaa humtoa mtoto katika wodi aliyoanza kuizoea. Kutoka Ngara kwenda Mwanza ni safari ya saa nyingi kupitia Nyakanazi na Geita. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limeondoa kusubiri kivuko, ambako kwa mgonjwa kulikuwa kukihesabiwa kwa roho. Mtoto aelezwe kwamba anahamishwa kwa sababu huko kuna vifaa zaidi, si kwa sababu hapa wameshindwa naye. Mama atakayeambatana naye awe na maandishi ya rufaa, simu yenye chaji na jina la ndugu au jirani aliyeko mji anakokwenda.

Nyumbani nako wanabaki watoto wengine, ambao mara nyingi hawaambiwi lolote. Mtoto wa miaka minne anayeamka na kukuta mama na mdogo wake hawapo hujitungia maelezo yake, na maelezo hayo huwa mabaya kuliko ukweli. Baba ndiye mtu wa kwanza wa kuwaeleza. Wajibu wake hauishi katika kupeleka chakula na kulipa. Akikaa wodini usiku mmoja mama alale, na mtoto akajua kwamba mkono wa baba nao unashika wakati wa sindano, familia nzima hunufaika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8, inaiita hali hii malezi yenye mwitikio, na inawahusu baba na mama kwa usawa.

Baada ya kuruhusiwa

Mtoto aliyetoka hospitalini anaweza kurudi nyuma kwa siku kadhaa au majuma machache. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani hukojoa tena. Aliyezoea kulala na ndugu zake hamwachi mama hata aende msalani. Mwingine huota ndoto za kutisha au huwa mkali kwa wadogo zake. Asichapwe na asichekwe. Aachwe acheze mchezo wa hospitali kadiri anavyotaka, hata akiurudia mara ishirini, na akimchoma mwanasesere sindano bila huruma asikemewe. Hali ikizidi mwezi mmoja, au mtoto akiacha kula, kucheza na kuzungumza, arudishwe kwa mtoa huduma.

Kabla ya kuondoka wodini, mzazi ahakikishe anajua mambo haya kwa usahihi: dawa ipi inaendelea na kwa siku ngapi, dalili zipi zinamtaka arudi haraka, na tarehe ya kurudi, ambayo iandikwe kwenye kadi. Asiyesoma amwombe muuguzi amhesabie siku kwa vidole au kwa siku za gulio. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kumtembelea mtoto nyumbani na kufuatilia dozi. Kwa maswali ya afya, wananchi wanaweza kupiga simu ya bure namba 199 ya Wizara ya Afya, na kwa masuala ya ulinzi wa mtoto namba 116, nayo bila malipo.